Wana Dodoma tuongee: kiwanja na kiinua mgongo peke yake havitatulea uzeeni

Mleta uzi

Wakuu habari zenu, na wazee wote mlioko humu shikamooni.

Mnivumilie, uzi utakuwa mrefu. Mimi niko dawati la mikopo kwenye SACCOS (chama cha akiba na mikopo) moja ya watumishi hapa Dodoma mjini, kwa hiyo salary slip za watu nazipitia kutwa nzima, walimu, manesi, madereva, watu wa wizarani kule Mtumba, na kinachoniuma ni kwamba mtu anategemewa na ukoo mzima, ana miaka 52, ukimuuliza baada ya 60 utaishije anakujibu "nina kiwanja Nala" au "si kuna kiinua mgongo". Hapo ndo mpango umeisha. Wengine hata hawajui wamechangia miezi mingapi.

Mimi msimamo wangu ni huu na nitautetea humu mpaka mwisho: ukizeeka huli mali, unakula hela inayoingia. Mtu anaweza kuwa na viwanja vitatu na akakosa hela ya dawa ya presha. Kwa hiyo jiulize leo, nikifika 60 kila mwezi itaingia shilingi ngapi, na itatoka sehemu ngapi tofauti? Kama jibu ni sehemu moja, bado hujajipanga hata kama hiyo sehemu ni nzuri.

Tuanze na kiinua mgongo maana ndo kina makelele mengi.

Kwa watumishi wa umma mfuko ni PSSSF, ule ulioanza 2018 baada ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF kuunganishwa. Wewe unakatwa 5% ya mshahara, mwajiri anaweka 15%. Private ni NSSF, kwa kawaida 10 kwa 10. Ili ulipwe pensheni ya kila mwezi lazima uwe umechangia angalau miezi 180, yani miaka 15, ukipungukiwa unapewa mkupuo na habari imeishia hapo. Sasa kuna ndugu zetu wa private wanaohama hama kampuni, kila akiacha kazi akili ya kwanza ni kwenda kutoa michango yake, halafu akifika miaka 54 miezi inasoma 40. Wakuu huo mchezo unaua uzee wa watu kimya kimya na hakuna anayeupigia kelele kama kikokotoo, yani ile kanuni ya kukokotoa mafao.

Na hicho kikokotoo wengi wanakilaani bila kukipigia hesabu, ngoja tupige. Cha zamani cha PSPF na LAPF kilikuwa 1/540, yani miezi uliyochangia unagawa kwa 540 unazidisha na mshahara wa mwaka, hiyo ndo pensheni yako kamili ya mwaka, unachukua nusu yake kwa mkupuo, na ile nusu ya mkupuo inazidishwa kwa 15.5. Cha sasa ni 1/580 na kizidisho ni 12.5. Chukua mtumishi aliyechangia miezi 360 na wastani wa mshahara wake wa ile miaka mitatu inayohesabiwa ni milioni 1.2 kwa mwezi, sawa na milioni 14.4 kwa mwaka. Zamani angeondoka na milioni 74.4 mkononi na pensheni ya 400,000 kwa mwezi. Kilipoingia kikokotoo kipya Julai 2022, mkupuo ni 33% badala ya nusu, ukashuka kwenye milioni 36.9. Baada ya kelele, bajeti ya 2024/25 ikawapandisha wale waliokuwa wa nusu kwa nusu kwenda 40%, kwa hiyo leo huyo huyo mtu mkupuo ni kama milioni 44.7 na pensheni yake ya mwezi ni kama 447,000.

Umeona kilichotokea? Mkupuo umekatwa sana, hela ya mwezi imepanda kidogo. Naelewa hasira za watu, mtu aliahidiwa milioni 74 akapanga maisha yake juu ya hiyo namba, sio jambo dogo hata kidogo. Ila ukweli mwingine ni kwamba hata hiyo 447,000 kama isipoongezwa na bei zikawa zinapanda tuseme 4% kwa mwaka, baada ya miaka 15 ya kustaafu itanunua vitu vya kama laki mbili na nusu ya leo. Mfuko peke yake hautoshi. Haukutosha zamani, na hautatosha hata kikokotoo kikibadilishwa tena.

Nakuja na ishu ya viwanja, subirini.

Mleta uzi

Naendelea.

Najua hapa nitapigwa mawe. Dodoma tumeingiwa na imani ya ardhi tangu 2016 serikali ilipotangaza kuhamia huku kweli kweli, 2017 CDA (ile mamlaka ya kustawisha makao makuu iliyokuwa inagawa viwanja) ikavunjwa, 2018 tukawa jiji, 2024 treni ya SGR ikaanza kuleta watu kutoka Dar asubuhi na kuwarudisha jioni. Waliowahi Iyumbu, Ihumwa, Kisasa wamepata, sikatai, na nawapongeza.

Lakini pita Mkonze, pita Michese, pita Nala ndani ndani uangalie mapagale. Ukuta umefika lenta, nondo zimechomoza juu zina kutu, mlango umezibwa na miba ili mbuzi wasiingie na mbuzi wameingia, ndani mbigili imeota hadi kwenye chumba ambacho mwenyewe alipanga kiwe masta. Tofali za juu zimeanza kumeguka kwa mvua. Lile pagale ni slip ya mtu, na mara nyingi ni mkopo wa miaka 7.

Mkopo wa milioni 20, miaka 7, riba 16% inayopungua, rejesho ni kama 397,000 kila mwezi, na mpaka unamaliza umelipa kama milioni 33.4. Yani milioni 13 na ushee imeenda kwenye riba, na kilichosimama pale ni ukuta hauna bati, haulali mtu humo, haulipi kodi, na huwezi kuuza kwa haraka ukipata mgonjwa maana wanunuzi wanakuja na bei ya kukuona una shida.

Sheria inataka mtumishi abaki na theluthi moja ya mshahara baada ya makato. Kazini kwetu wapo wengi wanaokaa pale pale kwenye mstari wa theluthi miaka nenda rudi, mkopo ukifika nusu wana-top up, tena na tena, mtu anafika 58 hajawahi kuishi nje ya mkopo hata mwaka mmoja. Huyo kiinua mgongo kikija, kinalipa madeni.

Mdau, Kisasa

Mkuu nakuheshimu ila hapa umezingua. Mimi kiwanja nilichukua kabla ya serikali kuhamia, leo nikiuza napata mara kumi na zaidi. Ungeniambia niweke hela benki saa hizi ningekuwa na nini? Ardhi haiozi.

Mleta uzi

Kaka umenunua vizuri na sina ubishi. Ila mwenyewe umesema "nikiuza". Hujauza. Mpaka siku unauza, kile kiwanja kila mwaka kinakudai kodi ya ardhi na kinataka ukalinde mpaka, na kisheria kiwanja usichokiendeleza kinaweza kukuletea shida na hati yako. Na kile kilichotokea kati ya 2016 na 2020 kilikuwa makao makuu kuhamia, jambo ambalo nchi ililiamua 1973 na likaja kutimia kweli zaidi ya miaka arobaini baadaye. Halitatokea mara ya pili. Anayenunua leo Nala kwa bei ya leo asitegemee faida ya aliyenunua enzi za CDA.

Sijasema watu wasinunue ardhi. Nasema ardhi yako iwe na kazi. Vyumba vinne vya kawaida pale Ng'ong'ona karibu na UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) vilivyoisha, vina maji na luku, vinawalisha wenyewe kila mwezi kuliko jumba la vyumba sita lililoishia kwenye lenta. Na kabla hujatoa hela nenda ofisi ya ardhi ukafanye upekuzi, mambo ya kiwanja kimoja kuwa na wenyewe wawili hapa mjini hakuna asiyeyajua. Barua ya mwenyekiti wa mtaa sio hati, hata kama ina mihuri mitatu.

Mdau, Hombolo

Salaam mkuu. Uzi mzuri ila naona unaongea na wenye slip. Sisi wa zabibu na alizeti huku hatukatwi na mtu wala hatuna mwajiri wa kutuwekea 15%. Hela inakuja msimu, mwaka mwingine haiji kabisa. Sisi tunajipangaje?

Mleta uzi

Asante sana ndugu yangu, na kwa kweli swali lako ndo lina uzito kuliko yote humu maana wengi wa mkoa huu wako upande wako.

Kwanza wewe wa zabibu umebarikiwa kitu ambacho wa alizeti hana, unavuna mara mbili kwa mwaka. Hapa kwetu mvua ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, ikikata Februari katikati ndo imekata, mtama wenyewe unahangaika sembuse mahindi. Kwa hiyo hela ikiingia mavuno, kabla ya kununua chochote igawe kwa miezi, jiambie hii ni mishahara yangu ya miezi sita, kila mwezi nachukua fungu hili. Inakuwa ngumu mwanzoni maana hela ikiwa mkononi yote kwa pamoja kila mtu ana harusi na kila mtoto ana ada.

Pili, wazee wetu Wagogo walilijua hili kabla ya benki. Hawa watu wamepita kwenye Mtunya, ile njaa ya 1917 mpaka 1920, ukame umekuja juu ya vita, majeshi ya Wajerumani na Waingereza yameshabeba ng'ombe na nafaka, watu walikufa kwa wingi. Ndo maana mpaka leo bibi kijijini anakausha mlenda wa kutosha kiangazi chote na nafaka ya kula haiuzwi mpaka aone mvua inayofuata. Fedha nayo inataka ghala kabla ya shamba. Usiwekeze popote, hata iwe sehemu nzuri vipi, kabla hujawa na akiba ya kuendesha nyumba miezi mitatu, na kwa mkulima mimi nasema miezi sita hadi tisa, maana msimu mmoja ukifeli lazima ufike kwenye mwingine bila kuuza shamba wala kukopa.

Na ukumbuke bei ya alizeti ilivyoanguka 2023 huku kwetu na Singida. Watu walilima vizuri, mvua ikaja, mazao yakatoka, bei ikawaangusha. Kwa hiyo aliyekuwa na alizeti tupu aliumia, aliyekuwa na alizeti na mbuzi na vyumba viwili vya kupangisha Kibaigwa alipita.

Tatu, NSSF inapokea wanaojiajiri wenyewe, mkulima, bodaboda, mama lishe, fundi. Unajiandikisha, unapewa namba, unachangia kwa simu. Miezi 180 ni ile ile, kwa hiyo mtu wa miaka 35 akianza leo anafika vizuri kabisa kabla ya 60. Akianza na 50 itakuwa amechelewa kwa pensheni.

Mdau, soko la Majengo

Mimi mama wa mbogamboga hapa Majengo, niko kikoba na wenzangu mwaka wa nne huu. Tunaweka hisa kila wiki Desemba tunavunja. Je hicho kikoba hakitoshi? Maana huko kwingine naogopa kuibiwa.

Mleta uzi

Mama shikamoo. Kikoba kizuri sana na usikiache, nidhamu ya kila wiki uliyoipata hapo wapo wenye digrii hawana. Ila angalia hapo kwenye kuvunja. Desemba mnagawana, Januari ada, sare, sikukuu imepita na hela, mnaanza sifuri. Miaka minne ya kuweka lakini kila mwaka ni mwaka wa kwanza. Ongea na wenzako mkivunja kila mmoja achukue theluthi ya mgao wake aipeleke sehemu isiyovunjwa.

Sehemu yenyewe nakwambia. Kuna UTT AMIS, ni taasisi ya serikali, wana mifuko ya pamoja, yani hela za watu wengi zinakusanywa wanawekeza wao kwenye hatifungani (yani kuikopesha serikali kwa riba), amana za benki na hisa, wewe unamiliki vipande. Mfuko wa Umoja upo tangu 2005. Mfuko wa Ukwasi, ule wanaouita Liquid, upo tangu 2013, unaanza na laki moja halafu unaongeza kuanzia elfu kumi, na ukitaka kutoa hela inafika ndani ya siku tatu za kazi. Huo ndo mzuri kwa lile ghala nililosema. Mfuko wa Hatifungani ulianza 2019, unaanza na elfu 50 halafu unaongeza hata elfu tano tano kwa simu.

Tuseme unaweka elfu 50 kila mwezi na inakua kwa 10% kwa mwaka, bila kutoa. Miaka 10 umeweka milioni 6, inasoma kama milioni 10.2. Miaka 20 umeweka milioni 12, inasoma karibu milioni 38. Miaka 30 umeweka milioni 18, inasoma milioni 113. Angalia hapo, miaka kumi ya mwisho peke yake imeleta milioni 75. Ndo maana nawakazania vijana, mwenye miaka 25 ana kitu ambacho mkurugenzi wa miaka 50 hawezi kukinunua.

Ila nisikudanganye mama, ile milioni 38 ya baada ya miaka 20, bei zikipanda 4% kwa mwaka, itanunua vitu vya kama milioni 17 za leo. Bado ni zaidi ya ile 12 uliyoweka, na ungeiweka kwenye kibubu ungebaki na 12 yenye nguvu ya milioni 5 na nusu. Na hiyo 10% haiandikwi kwenye mkataba, inapanda na kushuka. Mtu akikuahidi asilimia fulani bila kutetereka, tena kwa mwezi, huyo mkimbie. Watu wazima tunakumbuka DECI 2009, ule mchezo wa upatu, watu walipanda mbegu wakangoja kuvuna, waliolia ni akina mama kama wewe, waumini, watu wanaoaminiana. Kila miaka michache inarudi kwa jina jingine, saa hizi inakuja na app na grupu la WhatsApp.

Na kuhusu kuibiwa benki, hela yako kwenye benki iliyosajiliwa ina bima ya amana, tangu 2023 kinga imepanda kutoka milioni 1.5 hadi milioni 7.5 kwa mwenye akaunti. Kwa hiyo benki ikianguka mpaka kiwango hicho unalipwa.

Kitu cha mwisho kwako mama, mikopo ya kausha damu hapo sokoni. Mkopeshaji mwenye leseni ya Benki Kuu (BoT) anaruhusiwa riba isiyozidi 3.5% kwa mwezi. Hawa wanaokuja na daftari wanataka 20, 30 kwa mwezi na wanaondoka na friji. Ghala lako la miezi mitatu ndo linakuokoa na hao.

Mdau, Mtumba

Mkuu mimi nina miaka 28, mwaka wa pili kazini. Bodi ya mikopo ya wanafunzi inakata 15%, PSSSF 5, bima, kodi, chama cha wafanyakazi. Kinachobaki hata kupanga Ilazo shida. Nitawekeza nini hapo?

Mleta uzi

Mdogo wangu pole, hiyo 15% ya bodi inauma lakini ina mwisho, na siku ikiisha ndo siku ya hatari zaidi kwako. Slip itanona ghafla na mabenki yatakupigia simu mfululizo. Siku hiyo hiyo, ile 15% ielekeze kwenye mfuko kabla maisha yako hayajaizoea, kwa sababu umeshaishi bila hiyo hela miaka yote. Watu niliowaona wamestaafu vizuri wengi walifanya hivyo, hawakuwa na mishahara mikubwa, walihamisha makato kila mkopo ulipoisha.

Kwa sasa weka kidogo, hata elfu 20, na usipange Ilazo. Nzuguni, Ipagala ndani, vyumba vipo vya bei inayovumilika na daladala za Mtumba unazipata. Usikope kununua gari mwaka wa pili kazini, hili nakuomba kama kaka yako.

Mdau, mstaafu, Area C

Kijana hongera kwa uzi. Mimi nimestaafu mwaka huu, mwalimu, nimeshika milioni 41 hivi. Wanangu wanataka tununue Noah ifanye kazi ya kwenda Kondoa, shemeji anasema kuku wa mayai elfu moja. Mke wangu anasema tuziache benki. Nimechanganyikiwa.

Mleta uzi

Mwalimu shikamoo, na hongera kwa kumaliza salama.

Mama hapo nyumbani kasema neno. Miezi sita ya kwanza usiguse. Ziweke Ukwasi au amana ya muda mfupi, wageni wapungue, presha ya watoto ishuke, uzoee kwanza kuishi bila mshahara ndo ujue nyumba inakula kiasi gani. Biashara ambayo hujawahi kuifanya ukiwa na nguvu usiianze na hela ambayo haiwezi kurudi. Noah inataka dereva, dereva anataka kusimamiwa alfajiri, service, tairi, bima, trafiki. Kuku elfu moja wanataka mtu asiyelala.

Baada ya hapo angalia hatifungani za serikali. Benki Kuu inauza kwa mnada, kuanzia za miaka 2 hadi za miaka 25, mtu wa kawaida anaanza na milioni 1, unapitia benki yako au dalali wa soko la hisa akufungulie akaunti ya CDS, ile inayotunza kumbukumbu za hatifungani na hisa zako. Riba inalipwa kila miezi sita moja kwa moja kwenye akaunti yako. Kuponi, yani riba ya mwaka ya hatifungani, zinabadilika, 2021 ya miaka 25 ilikuwa 15.95%, Aprili 2022 ikashushwa 12.56%, lakini ukishanunua yako haibadiliki, unalipwa ile ile mpaka iive. Na riba ya zile za muda mrefu haikatwi kodi.

Chukua milioni 30 kwa kuponi ya 12%, ni milioni 3.6 kwa mwaka, inakuja milioni 1.8 mara mbili, ukiigawa ni laki tatu kila mwezi juu ya pensheni yako. Milioni 11 iliyobaki, 6 ikae Ukwasi ya ugonjwa na dharura, 5 malizia kile kilichobaki nusu kama ni bati ama choo cha wapangaji. Na kwenye hizo 30 nunua za kulipa miezi tofauti, moja ilipe Januari na Julai, nyingine Aprili na Oktoba, hela inakuwa inaingia kila baada ya miezi mitatu.

Ukihitaji hela kabla, hatifungani inauzika soko la pili, yani kwa mnunuzi mwingine, pale DSE (Soko la Hisa la Dar es Salaam), ila riba za mpya zikiwa juu kuliko yako utauza kwa hasara kidogo. Ukitangulia mbele za haki inarithiwa.

Kuhusu watoto mwalimu, wape baraka, Noah wakakope wenyewe.

Mdau, Kondoa

Assalam alaykum. Na sisi tusiotaka riba? Hatifungani zote hizo kwetu hazifai.

Mleta uzi

Waalaykum salaam ndugu yangu. Njia zipo na zinaongezeka. Amana Bank inaendeshwa kwa misingi ya sharia tangu 2011, CRDB wana dirisha la Al Barakah, na iTrust wana mfuko unaitwa Imaan. Pia hisa za kampuni zinazofanya biashara halali DSE, ni umiliki sio mkopo, unapata gawio, kodi yake 5%, kununua unaweza kwa simu kupitia app ya Hisa Kiganjani. Ila hisa zina tabu yake, bei inashuka na wanunuzi wakati mwingine hawapo, hisa ya Vodacom iliuzwa shilingi 850 mwaka 2017 na walionunua walikaa miaka wakiangalia bei ikiwa chini ya hapo. Kwa hiyo hela ya miaka mitano na kuendelea tu. Na nyumba ya kupangisha kwako ni nzuri zaidi kuliko kwa mwingine yeyote humu, mifugo pia, Kondoa mnayo.

Mleta uzi

Nyongeza, nimeulizwa na wengi inbox kuhusu bima na mirathi.

Bima ya afya isiwe kitu cha baadaye, ugonjwa mmoja wa kulazwa unamaliza mfuko wa miaka. Mtumishi ana NHIF, na fuatilia masharti ya kuendelea nayo ukistaafu kabla hujatoka kazini. Kaya ya kijijini imekuwa na CHF iliyoboreshwa (bima ya afya ya jamii), elfu 30 kwa mwaka kwa watu sita, ukilinganisha na gharama ya kitanda hospitali ya mkoa ni hela ndogo sana.

Mirathi. Wakuu hapa nimeona machozi ya kweli dawatini kwetu. Mjane anakuja, cheti cha ndoa kinasoma jina moja, slip ya marehemu inasoma jingine, cheti cha mtoto kina herufi imezidi, anarudishwa mahakamani, anarudi, hati ya kiapo, anarudishwa tena, na hapo nyumba haina chakula. Kaa chini jumapili moja na vyeti vyote vya nyumba yako mezani, NIDA, ndoa, vya watoto, salary slip, uhakikishe majina ni yale yale. Nenda mfuko wako uangalie wategemezi walioandikwa, kuna watu bado wameandika mke waliyeachana naye 2009. Wosia, RITA (wakala wa serikali wa vizazi, vifo na udhamini) wanaandika na wanatunza. Na mwenzi wako ajue akaunti zipo wapi, CDS namba ngapi, vipande UTT namba ngapi, maana hela ambayo mjane haijui ni kama haipo.

Anayetaka kupigiwa hesabu ya kikokotoo chake aweke humu miezi aliyochangia na mshahara wake wa mwaka, bila jina wala kituo cha kazi, nitajibu jioni nikitoka ofisini. Mwenye michango NSSF aseme pia alianza mwaka gani na kama alishawahi kutoa.